Jumamosi ya mazoezi haina kasma

Wananchi wameambiwa wafanye mazoezi. Swali linalobaki mezani kwa madiwani ni nani atalipia uwanja, taa na njia ya kutembea.

Jumamosi alfajiri, kabla jua halijachomoza, Daraja la Tanzanite jijini Dar es Salaam huwa limeshapata watu. Kina mama wa makamo, mitandio imefungwa sawasawa na raba miguuni, wanakwenda wawili wawili wakipiga soga bila kupunguza mwendo. Vijana wanawapita mbio. Wazee wanashika reli, wananyoosha mgongo, wanakunja goti moja kisha la pili, halafu wanaendelea na safari yao ya kwenda na kurudi.

Daraja lile lina urefu wa kilomita 1.03 na lilianza kupitisha magari mwaka 2022 ili kupunguza foleni ya Daraja la Selander. Halikujengwa kwa ajili ya mazoezi. Hakuna mwalimu wa viungo pale, hakuna bango la kuhamasisha, hakuna mgeni rasmi. Kuna njia pana ya waenda kwa miguu, kuna taa, kuna ukingo unaomtenga mtu na gari, na kuna hewa ya bahari. Hayo yametosha kuwatoa watu kitandani.

Sasa twende upande wa pili wa jiji. Mbagala, Gongo la Mboto, Manzese, Tandale: huko nako watu wanaamka alfajiri kukimbia, na klabu za jogging ziko nyingi kuliko mjini. Lakini wanakimbilia barabarani. Mbele ya kundi anakwenda mtu mwenye kibendera chekundu na filimbi, nyuma anakwenda mwingine, na kazi yao ni kuzuia daladala, bodaboda na malori yasiwaingilie wenzao. Fulana wamechangishana. Maji wamechangishana. Hata spika ya muziki ni ya mwanachama.

Watu hawa hawahitaji kuhamasishwa, maana wamejihamasisha siku nyingi. Wanachokosa ni kile ambacho mtu mmoja mmoja hawezi kukinunua: ardhi, njia na mwanga. Vitu hivyo ni vya umma, na umma ulio karibu nao kuliko wote ni halmashauri.

### Agizo la Jumamosi ya pili

Desemba 2016, Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya kitaifa ya kupambana na magonjwa yasiyoambukiza na kuagiza Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe siku ya mazoezi nchi nzima. Wakuu wa mikoa na wilaya walitakiwa kusimamia. Mwezi uliofuata, Januari 2017, viongozi walitoka na fulana zao, barabara zikafungwa kwa saa chache, na picha zikajaa magazetini.

Sababu ya agizo ilikuwa nzito. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 kuhusu viashiria vya magonjwa yasiyoambukiza ulionyesha kwamba takribani mtu mzima mmoja kati ya wanne alikuwa na shinikizo la juu la damu, mmoja kati ya wanne alikuwa na uzito uliozidi, na asilimia 9 walikuwa na kisukari. Wengi hawakujua hali zao. Kila familia ya mjini siku hizi ina mtu wake wa presha au wa sukari, na kila familia inajua dawa hizo huwa hazina mwisho.

Dunia nayo inakwenda huko huko. Takwimu zilizotolewa Juni 2024 na watafiti pamoja na Shirika la Afya Duniani zinasema asilimia 31 ya watu wazima duniani, karibu watu bilioni 1.8, hawakufikia kiwango cha chini cha mazoezi mwaka 2022. Mwaka 2010 walikuwa asilimia 26. Kiwango chenyewe si cha kutisha: dakika 150 kwa wiki za kutembea kwa kasi au shughuli inayolingana nayo, na kwa watoto wastani wa dakika 60 kwa siku.

Dakika 150 kwa wiki. Jumamosi ya pili ya mwezi, hata ikifanyika kikamilifu kwa saa mbili, inampa mtu dakika 120 kwa mwezi mzima.

> Dakika zinazotakiwa kwa wiki ni 150. Bonanza la mara moja kwa mwezi haliwezi kuzifikia hata likihudhuriwa na wilaya nzima.

Agizo lilikuja likiwa na siku, likiwa na wasimamizi, na likiwa na nia njema. Halikuja na fedha. Kila halmashauri iliachwa itafute namna yake, na namna iliyopatikana mara nyingi ikawa bonanza: maturubai, muziki, katoni za maji, fulana zenye nembo ya mdhamini, hotuba. Watu hufurahi, na furaha hiyo ina thamani yake. Ila Jumatatu mtu akitoka kazini saa kumi na moja jioni, akitafuta pa kutembea nusu saa karibu na kwake, anakuta hali ile ile.

### Kasma iko wapi?

Ili kuelewa tatizo inabidi kuingia kwenye kitabu cha bajeti cha halmashauri, mahali ambapo waandishi wa michezo na waandishi wa afya huwa hatuingii.

Halmashauri ina mafungu makubwa mawili. Kuna ruzuku kutoka Serikali Kuu, ambayo kwa sehemu kubwa imeshapangiwa kazi kabla haijafika: mishahara, miradi ya elimu, zahanati na vituo vya afya. Kuna mapato ya ndani: ushuru wa masoko na stendi, leseni za biashara, ushuru wa huduma, ada na vibali. Hapa ndipo madiwani wana sauti ya kweli.

Lakini mapato ya ndani nayo yana wenyewe. Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, kwa marekebisho ya mwaka 2018, inataka asilimia 10 iwe mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 ili utaratibu urekebishwe, ikarejeshwa mwaka 2024. Miongozo ya bajeti inataka sehemu kubwa ya kinachobaki iende kwenye miradi ya maendeleo, na neno “maendeleo” kwa kawaida linasomwa kuwa jengo: darasa, wodi, soko, choo. Kinachobaki ndicho cha kuendeshea ofisi, na humo ndani, karibu na mwisho wa orodha, unaikuta michezo na utamaduni.

Vyanzo vyenyewe pia vimepungua. Kodi ya majengo, ambayo kwa miji mingi duniani ndiyo inayojenga bustani na njia za miguu, iliondolewa mikononi mwa halmashauri mwaka 2016 ikapelekwa Mamlaka ya Mapato, na tangu mwaka 2021 inakatwa kupitia LUKU. Mwenye nyumba anaponunua umeme analipa kodi hiyo bila kuuona mtaa wake umefaidi nini.

Barabara nazo zilihama. Tangu Julai 2017 barabara za mitaa ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, na si idara ya ujenzi ya halmashauri tena. TARURA ina wahandisi wake na fedha zake, ikiwamo tozo ya shilingi 100 kwa lita ya mafuta iliyoongezwa mwaka 2021. Diwani anayetaka njia ya waenda kwa miguu kwenye kata yake anaweza kuizungumzia barazani hadi koo likauke. Mkandarasi atafuata michoro ya TARURA.

Kwa hiyo mtu wa mtaani anayedai mahali pa kufanyia mazoezi anadai kitu ambacho kimegawanywa katika ofisi nne. Ardhi iko mipango miji. Barabara iko TARURA. Kinga ya magonjwa iko kwa mganga mkuu wa wilaya. Mazoezi yenyewe yako kwa ofisa michezo, ambaye mara nyingi ana kitengo chenye watu wachache, gari la kuazima, na fedha za kwenda kwenye mashindano.

Mashindano ndiyo hasa yanayokula kile kidogo kilichopo. Kila mwaka kuna UMITASHUMTA kwa shule za msingi, UMISSETA kwa sekondari, na michezo ya SHIMISEMITA kwa watumishi wa serikali za mitaa. Basi la kukodi, posho, jezi, malazi. Yote hayo ni halali, na watoto wenye vipaji wanastahili. Lakini yanawahudumia wachache waliochaguliwa kwa kuwa tayari wana nguvu na mbio. Mama ntilie wa miaka 48 mwenye presha hayumo kwenye orodha ya safari.

### Timu ya manispaa, au uwanja wa kata?

Baadhi ya halmashauri zimekwenda mbali zaidi na kumiliki timu za mpira. Kinondoni ina KMC, iliyopanda Ligi Kuu mwaka 2018. Jiji la Dodoma lina Dodoma Jiji, jiji la Mbeya lina Mbeya City. Timu hizi huendeshwa kwa fedha za halmashauri pamoja na wadhamini.

Hoja ya wanaozitetea haipaswi kupuuzwa. Timu inaajiri vijana. Inaupa mji jina. Siku ya mechi mama wa chipsi anauza, wa bodaboda anapata abiria. Kinondoni imepata na uwanja wake pale Mwenge, na katika msimu wa 2024/25 hata vigogo wa ligi waliutumia. Mpira pia unawapa watoto mtu wa kumwiga.

Hata hivyo tusichanganye mambo. Mchezaji wa kulipwa anafanya mazoezi kwa ajili ya kazi yake, na elfu tano wanaomtazama wamekaa. Mshahara wa kikosi cha Ligi Kuu, usajili, hoteli na safari za kwenda Bukoba na kurudi ni fedha za kila mwezi, mwaka hadi mwaka. Halmashauri inayoweza kuzipata haiwezi kusema haina uwezo wa kuweka taa nane kwenye uwanja wa kata.

> Mpira wa kutazama na mazoezi ya mwananchi ni matumizi mawili tofauti. Bajeti iyaandike kwenye mistari miwili, ili madiwani waone kila mmoja unapewa kiasi gani.

Msimamo wangu ni huo, na ningeusema mbele ya baraza lolote: timu ibaki kama baraza limeamua hivyo, lakini fedha zake zisihesabiwe kuwa ndizo fedha za michezo kwa jamii. Zikihesabiwa pamoja, mwananchi anayetembea kwa miguu daima atakuwa wa mwisho.

### Hoja ya diwani wa kijijini

Kuna upinzani mwingine, na huu ndio mgumu zaidi. Unatoka kwa diwani ambaye zahanati ya kata yake imefika usawa wa madirisha ikasimama, ambaye shule yake ina watoto 100 katika chumba kimoja, ambaye wananchi wake wanatembea saa mbili kufuata maji. Mtu huyo ukimwambia atenge fedha za mazoezi atakutazama kwa mshangao. Watu wake wanalima kwa jembe la mkono. Wanabeba kuni. Watoto wao wanakwenda shule kwa miguu kilomita tano. Mazoezi gani tena?

Ana haki. Kwa mkulima wa jembe dakika 150 zinapatikana Jumatatu kabla ya saa sita mchana. Agizo moja la nchi nzima, lenye siku moja na sura moja, halikuona tofauti kati ya kijiji cha Sikonge na mtaa wa Sinza. Fedha za mazoezi zielekezwe kwanza mijini na kwenye miji midogo inayokua kando ya barabara kuu, ambako kazi zimekuwa za kukaa dukani, kukaa kwenye bodaboda, kukaa ofisini, na mtu anakwenda hata dukani kwa pikipiki.

Miji hiyo inajaa kwa kasi. Dar es Salaam ilikuwa na watu milioni 2.5 mwaka 2002; sensa ya 2022 ilihesabu 5,383,728. Mtoto wa mkulima yule yule ndiye aliyekuja mjini, akapata kazi ya ulinzi au ya kuuza vocha, akanenepa, na akagunduliwa ana sukari akiwa na miaka 40. Zahanati ambayo diwani anaipigania ndiyo itakayomtibu. Vitanda, mashine za kupimia presha, vidonge vya maisha: bili hiyo inarudi kwenye halmashauri ile ile na kwenye mfuko wa familia ile ile. Kwa hiyo anayetetea zahanati na anayetetea uwanja wana mgonjwa mmoja.

### Viwanja vinavyoyeyuka

Nikiulizwa fedha ya kwanza iende wapi, nisingesema kwenye vifaa vya mazoezi. Ningesema iende kwenye upimaji wa ardhi.

Tembelea mtaa wowote wa zamani wa Dar es Salaam na mtu mzima wa pale atakuonyesha kidole: pale palikuwa na uwanja. Leo kuna gereji, ukumbi wa harusi, kanisa au msikiti, ofisi ya mtaa, fremu za maduka, yadi ya magari. Kila kimoja kina maelezo yake na baadhi vina faida kwa watu, na hata hivyo mwisho wa siku watoto wanacheza chandimu katikati ya barabara ya mtaa, wakisimama kila bodaboda inapopita.

Jangwani ni mfano unaojulikana na wote. Kwa miaka mingi bonde lile lilikuwa na viwanja vya mpira ambavyo wachezaji wengi wa jiji walivipitia. Mafuriko ya Mto Msimbazi yakaongezeka, karakana ya mabasi yaendayo haraka ikajengwa bondeni, viwanja vikapungua. Sasa kuna mradi wa uendelezaji wa bonde la Msimbazi, ambao Benki ya Dunia iliuidhinishia dola milioni 200 mwaka 2022, na mpango wake unazungumzia bustani kubwa ya jiji katika bonde la chini. Bustani hiyo ikitimia itakuwa sehemu kubwa kabisa ya wazi kwa mazoezi katikati ya jiji. Kwa hiyo inafaa kuuliza mapema nani ataitunza, kwa fedha ipi, na kama kuingia kutakuwa bure.

Suala la kuingia bure lina historia yake. Uwanja wa wazi unapokodishwa kwa maonyesho, tamasha au mkutano, halmashauri inapata ada. Mtoto anayecheza na mama anayetembea hawalipi kitu. Mhasibu anayetafuta kufikia lengo la makusanyo atauona uwanja uliojaa watu wanaofanya mazoezi kama uwanja usioingiza chochote. Ndiyo maana viwanja kama Biafra na Mwembe Yanga vinajulikana zaidi kwa majukwaa kuliko kwa riadha. Bila kuandika mahali fulani kwamba afya ya watu ni mapato, uwanja utaendelea kushindwa kila mwaka kwenye hesabu.

Viwanja vikubwa vya mikoani navyo havisaidii sana. Vingi vilijengwa kwa nguvu na michango ya wananchi wakati wa chama kimoja, na baada ya mfumo wa vyama vingi kurejea mwaka 1992 vikabaki mikononi mwa CCM: Kirumba mjini Mwanza, Sokoine mjini Mbeya, Sheikh Amri Abeid mjini Arusha. Halmashauri haiwezi kupanga fedha za kudumu kwenye mali isiyo yake. Vichache ni vya halmashauri, kama Nyamagana cha jiji la Mwanza na Kaitaba cha manispaa ya Bukoba, lakini navyo hufunguliwa kwa mechi, si kwa mtu anayetaka kutembea raundi sita baada ya kazi.

Kuna ardhi moja ambayo halmashauri inaimiliki bila ubishi, na iko karibu kila mtaa: uwanja wa shule ya msingi. Jumamosi na Jumapili, na kila siku baada ya saa kumi jioni, geti lake hufungwa kwa kofuli. Sababu ni za kweli: vioo vitavunjwa, madawati yataibwa, nani atawajibika? Jibu lake ni mlinzi wa kulipwa, taa chache za sola, na makubaliano ya maandishi kati ya kamati ya shule na klabu za mtaa. Ukilinganisha na bei ya darasa moja, hiyo ni fedha ndogo. Nashangaa kwamba hoja hii haipelekwi barazani mara kwa mara zaidi.

Ila nayo ina haraka. Mwaka 2021 Serikali ilijenga madarasa 15,000 kwa fedha za mkopo wa kukabiliana na UVIKO, kazi kubwa na iliyohitajika. Shule zenye ardhi finyu zikiongeza madarasa, mara nyingi kinacholiwa ni kiwanja. Ramani ya shule ya mjini inapochorwa upya, kiwanja kiwekwe humo kama chumba kingine cha kufundishia.

### Jirani wamefanyaje?

Kigali walianza Siku Bila Magari mwaka 2016. Mara moja kwa mwezi, baadaye mara mbili, Jumapili asubuhi barabara kuu kadhaa hufungwa na watu hukimbia, hutembea na kuendesha baiskeli, kisha hukusanyika kwa mazoezi ya pamoja. Pale pale wahudumu wa afya huwapima presha na sukari bila malipo. Jiji ndilo mwenyeji, polisi hufunga barabara, wizara huleta vipimo. Gharama ni ndogo kwa sababu barabara imeshajengwa. Kinachotakiwa ni watumishi, vizuizi na ratiba isiyobadilika. Mtu wa Kigali anajua Jumapili ipi barabara ni yake, haulizi kama mgeni rasmi atafika.

Zanzibar ina Januari Mosi. Vikundi vya mazoezi vya Unguja na Pemba hutoka alfajiri ya mwaka mpya kwa matembezi na mazoezi ya viungo, viongozi wakiwamo. Nguvu yake ni kwamba vikundi vyenyewe vipo mwaka mzima na vina chama chao. Januari Mosi ni siku ya kuonekana tu. Serikali inayotaka kuwasaidia ina mtu wa kuzungumza naye na hesabu ya kumkabidhi.

Nchini Kenya, Katiba ya 2010 ilikabidhi kaunti bustani, fukwe, na vifaa vya michezo na burudani. Hiyo haijamaliza migogoro ya viwanja, lakini mwananchi anajua mlango wa kubisha. Na Nairobi wanakumbuka kwamba Uhuru Park ipo leo kwa sababu mwaka 1989 Wangari Maathai alisimama kupinga jengo la ghorofa 60 lililokusudiwa kujengwa ndani yake.

Mbali kabisa na sisi, Bogotá, mji mkuu wa Colombia, umekuwa ukifunga barabara kila Jumapili tangu miaka ya 1970. Zaidi ya kilomita 120 huachiwa watu, kuanzia saa moja asubuhi hadi saa nane mchana. Watafiti waliopiga hesabu na kuzichapisha mwaka 2012 walikuta mpango huo unagharimu takribani dola 6 kwa kila mtumiaji kwa mwaka, na kwamba kila dola moja iliokoa kati ya dola 3.23 na 4.26 za gharama za matibabu. Hapa kwetu hesabu kama hiyo ingeweza kufanywa na mganga mkuu wa manispaa yoyote akishirikiana na chuo kikuu kilicho jirani, na ingempa mweka hazina kitu cha kushika mkononi.

### Wanaobaki nyuma

Fedha ya umma ikitolewa bila kufikiri, itawafuata wale ambao tayari wanafanya mazoezi: vijana wa kiume wenye mpira. Takwimu za dunia za mwaka 2022 zinaonyesha asilimia 34 ya wanawake hawafikii kiwango, dhidi ya asilimia 29 ya wanaume. Sababu hapa kwetu hazihitaji mtafiti. Mwanamke anaamka kabla ya wote na analala baada ya wote. Saa anayoipata ni ya giza, alfajiri au baada ya magharibi, na giza la mtaa lisilo na taa si la kutembea peke yake. Akienda uwanjani anakuta vijana wamejaa. Akivaa suruali ya mazoezi anasikia maneno.

Kwa hiyo taa ya barabarani ni fedha ya mazoezi kwa wanawake. Ratiba ya uwanja yenye saa zao ni fedha ya mazoezi. Choo kisafi chenye mlango unaofungwa, na mwalimu wa viungo mwanamke anayelipwa posho mara tatu kwa wiki, vivyo hivyo. Ukivitaja vitu hivi mbele ya kamati ya fedha havisikiki kama michezo, na ndiyo maana vinahitaji mtu wa kuvitetea humo ndani.

Wazee na watu wenye ulemavu nao wana mahitaji yao, mengi yakiwa ya ujenzi tu: njia isiyo na mashimo, mteremko badala ya ngazi, benchi kila baada ya hatua mia. Awamu ya kwanza ya barabara ya mabasi yaendayo haraka, iliyoanza kutoa huduma Mei 2016, ilikuja na njia za waenda kwa miguu na za baiskeli kwenye kilomita zake 20.9. Ilionyesha kwamba inawezekana. Pia ilionyesha kwamba njia isiyo na mtunzaji hugeuka haraka kuwa maegesho ya bodaboda na meza za biashara. Machinga anatafuta riziki, hatuwezi kumfukuza bila kumpa mahali. Mpango wa njia ya miguu ambao haukumpangia machinga utakufa ndani ya mwezi.

> Taa ya mtaani, mlinzi wa geti la shule na mwalimu wa viungo wa kata: hakuna hata kimoja kinachohitaji mfadhili wa nje.

### Kabla kitabu hakijafungwa

Mwaka wa fedha unaanza Julai Mosi, lakini bajeti huandikwa miezi mingi kabla. Mwongozo wa Serikali hutoka mwishoni mwa mwaka, mitaa na vijiji huibua vipaumbele, Kamati ya Maendeleo ya Kata huvichuja, na baraza la madiwani hupitisha mwanzoni mwa mwaka unaofuata. Klabu za jogging, ambazo zina wanachama, viongozi na vitabu vya michango, hazionekani kwenye mikutano hiyo. Huenda kwa diwani wakati wa bonanza kuomba jezi, ilhali mwezi wa kuomba kitu kikubwa zaidi umeshapita.

Mahali pa kuanzia ni mkutano mkuu wa mtaa, ambao kisheria unapaswa kufanyika mara kwa mara. Hapo mwananchi anaweza kudai orodha ya maeneo ya wazi yaliyomo kwenye ramani ya mipango miji ya mtaa wake, na ajue lipi limepimwa, lipi lina hati, lipi limemegwa. Anaweza kudai muhtasari uandikwe kwamba mtaa umeomba geti la shule lifunguliwe saa kumi na moja jioni, na mlinzi alipwe na halmashauri. Ombi lililoandikwa kwenye muhtasari linapanda ngazi hadi kwa mchumi wa halmashauri. Ombi la mdomoni linaishia kwenye mkutano.

Na kwa upande wa halmashauri, hatua ya kwanza inaweza kuchukuliwa bila kusubiri sheria mpya: mweka hazina afungue kasma moja ya mazoezi ya jamii, iliyotengwa na ya timu na ya safari za mashindano, mganga mkuu na ofisa michezo wakiisaini pamoja, na TARURA ikaribishwe kwenye kikao hicho hicho ili taa na njia za miguu ziingie kwenye michoro kabla mkandarasi hajapatikana. Mwaka wa kwanza iwe na kiasi chochote ambacho baraza litakubaliana. Itakapokuwa imeandikwa na kupewa namba yake, mkaguzi ataiuliza, diwani ataiuliza, na klabu ya Mbagala yenye kibendera chekundu itakuwa na mahali pa kupeleka barua yake.